Boti ya matembezi hula hata ikiwa imelala: Hesabu ya kuitunza katika Ziwa Victoria

Wazee wa Kisumu waliotumia sarafu zenye tundu katikati huiita senti kumi, kwa Dholuo, otonglo. Jina hilo hilo limebebwa na kituo cha biashara kilichoko kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, mbele kidogo ya uwanja wa ndege ukielekea Kisian, mwendo mfupi kutoka fuo za Ziwa Victoria. Ni jina linalofaa kuanzia hesabu ya boti, kwa sababu boti haimfilisi mwenyewe kwa siku moja. Humfilisi kwa senti kumi kumi.

Mtu aliyejenga upande wa Otonglo, awe mfanyabiashara, mtumishi wa umma au mstaafu aliyepokea malipo yake ya uzeeni, huliona ziwa kila siku na siku moja huamua kwamba familia yake nayo istahili chombo chake. Hununua boti ya mbao au ya faiba pamoja na injini, na Jumapili ya kwanza watoto huimba hadi Dunga na kurudi. Baada ya miaka miwili hivi, chombo kile kile hukutwa kimepinduliwa ufuoni, rangi imebambuka, na injini iko chini ya kitanda ikiwa imekauka gundi ndani ya kabureta. Mwenyewe atakwambia kwamba boti ilimshinda. Ukweli ni kwamba alipanga bei ya kununua tu, asipange bei ya kuwa nayo.

Ifahamike mapema kwamba boti ya matembezi na mashua ya mvuvi ni vitu viwili tofauti hata kama zimechongwa na fundi mmoja. Mashua ya mvuvi hujilisha. Ikitoboka ubao, samaki wa wiki hiyo hulipia msumari, pamba na kazi ya fundi, na kwa kuwa inaingia majini kila siku, kasoro huonekana ikiwa bado ndogo. Boti ya starehe hulishwa kwa mshahara. Hukaa wiki mbili au tatu bila kuguswa, na kasoro yake huonekana siku ambayo wageni wamekwisha kufika na chakula kimepakiwa.

KANUNI YA ASILIMIA KUMI

Katika nchi nyingi wenye boti za starehe hutumia kanuni moja rahisi: tenga kila mwaka asilimia 10 ya bei uliyonunulia chombo, na fedha hizo zitatosha matunzo. Kanuni hiyo haina ubaya kwa boti mpya ya bei kubwa iliyoegeshwa mahali penye huduma zote. Kwa boti ya kawaida ya Kisumu, inapotosha. Gharama nyingi za huku haziifuati bei ya chombo hata kidogo. Mlinzi wa usiku hatakutoza nusu ya ujira kwa sababu boti yako ni kuukuu, na petroli haiulizi umri wa injini, isipokuwa kwamba injini kongwe huinywa zaidi. Kadiri chombo kinavyokuwa rahisi kununua, ndivyo matunzo yake yanavyokuwa sehemu kubwa ya bei yake. Nitaonyesha hilo kwa tarakimu hapo mbele, lakini kwanza tuvitazame vitu vyenyewe vinavyokula fedha.

MBAO, FAIBA NA MAJI BARIDI

Wenye vyombo wa Mombasa na Lamu wana maadui wawili ambao sisi wa ziwani hatuwajui. Chumvi hula kila chuma, na mdudu wa baharini hutoboa mbao hadi zikawa kama sega la nyuki. Ndiyo sababu mabaharia wa pwani huvipandisha vyombo vyao nchi kavu mara kwa mara na kuvipaka deheni. Ziwa Victoria halina chumvi, halina mdudu huyo, wala halina chaza wa kung'ang'ania chini ya chombo. Kwa upande huo mwenye boti wa Kisumu amebarikiwa.

Baraka hiyo, hata hivyo, ina kasoro yake. Chumvi huihifadhi mbao isioze, ilhali maji baridi huiozesha. Na maji mabaya kuliko yote si yale ya ziwa yaliyo nje ya chombo, bali yale ya mvua yaliyotuama ndani yake. Kisumu hupata mvua nyingi za jioni, na boti iliyoachwa wazi hujaa maji yasiyokwenda popote, yakawa yanaloweka mataruma na mkuku mchana kutwa katika joto. Ukungu wa kuozesha mbao haukosi mahali kama hapo. Turubai nzuri, iliyofungwa kwa mteremko ili maji yasitulie juu yake, ni matunzo ya bei nafuu kuliko yote nitakayoyataja, na ndiyo ambayo watu wengi huyakosa.

Boti ya mbao inahitaji kupandishwa nchi kavu angalau mara moja kwa mwaka. Hukaushwa, hukwanguliwa, viungo vyake hukalafatiwa upya kwa pamba, misumari iliyoliwa na kutu hubadilishwa, kisha hupakwa rangi ndani na nje. Usikubali fundi apake rangi juu ya mbao yenye unyevu kwa kuwa una haraka ya Krismasi. Rangi hiyo itafungia maji ndani na mwakani utanunua ubao badala ya rangi. Njia rahisi ya kupima ni kuchoma mbao kwa ncha ya kisu karibu na mkuku na pale mataruma yanapokutana na ubao. Kisu kikizama kama katika mhogo uliochemshwa, una kazi kubwa mbele yako.

Faiba haiozi hivyo, lakini si kweli kwamba haidai kitu, ingawa wauzaji hupenda kusema hivyo. Jua letu huichubua, mchanga wa ufuoni huisugua sehemu ya chini kila inapoburutwa, na maji yakipenya kwenye ufa mdogo huvimbisha tabaka za ndani. Ufa mdogo hurekebishwa kwa gundi na kitambaa cha faiba kwa asubuhi moja. Ukiachwa msimu mzima, unakuwa kazi ya wiki. Kama boti yako ni ya faiba, gharama kubwa ya kuepuka ni ile ya kuiburuta. Nunua magogo mawili laini ya kuiviringishia.

INJINI

Hapa ndipo fedha nyingi huishia, na hapa ndipo inafaa kukaa kidogo.

Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida ya petroli hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Injini iliyoandikwa nguvu za farasi 15 haitakupa 15 hapa. Anayesahau jambo hili hununua injini ndogo, huipakia watu wengi, kisha huiendesha kwa nguvu zake zote wakati wote. Injini inayoendeshwa hivyo hunywa mafuta mengi na huchakaa upesi. Wakati mwingine dawa ni kubadilisha propela tu, ukachagua yenye mkato mdogo zaidi ili injini izunguke vizuri. Muulize fundi kabla ya kuamua kwamba injini ni mbovu.

Injini nyingi za ziwani ni za mwendo wa mipigo miwili, zile zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli. Kipimo cha kawaida ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, na injini mpya huhitaji oili zaidi katika saa zake za mwanzo. Kitabu cha injini yako ndicho hakimu, si mazoea ya ufuoni. Oili iwe ile ya injini za boti. Wapo wanaotia oili ya pikipiki kwa sababu ni rahisi kupatikana, na rahisi hiyo huwa ghali. Injini ya pikipiki hupozwa kwa hewa na hufanya kazi katika joto jingine kabisa.

Kila baada ya saa 100 za kazi, au mara moja kwa mwaka hata kama saa hizo hazijafika, plagi hubadilishwa, oili ya giaboksi humwagwa na kutiwa mpya, na pampu ya maji hufunguliwa. Ndani ya pampu hiyo mna kipande kidogo cha mpira chenye mapezi, kinachosukuma maji ya kupoza injini. Ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na injini, na kikikatika mapezi injini huungua. Ghuba ya Winam upande wa Kisumu ina kina kidogo na tope jingi, na tope hilo hukisaga kipande hiki haraka kuliko katika maji safi ya kilindini. Oili ya giaboksi ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia na mpira wa kuzibia umekufa. Usiirudishe majini mpaka irekebishwe.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana: kutotumia. Petroli iliyolala ndani ya kabureta mwezi mmoja au miwili huacha gundi inayoziba vijitundu vyake. Dawa haina gharama. Unapomaliza safari, chomoa mpira wa mafuta na uiache injini iendelee hadi ijizime yenyewe.

MAFUTA NA MCHANGANYO WAKE

Bei ya juu kabisa ya petroli nchini hutangazwa kila mwezi na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), utaratibu ulioanza Desemba 2010. Wenye kumbukumbu hawajasahau Septemba 2023, lita moja ilipopita shilingi 200 kwa mara ya kwanza, miezi michache baada ya ushuru wa VAT kwa mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Kwa hivyo bajeti ya boti isipangwe kwa bei ya mwezi huu. Ipangwe kwa bei ya juu kidogo kuliko hiyo.

Bei ya EPRA, zaidi ya hayo, ni ya kituo cha mafuta. Ufuoni petroli huuzwa kwa mitungi, na mwenye mtungi huongeza faida yake. Tena ufuoni hujui ulichouziwa. Kuchanganya petroli na mafuta ya taa kulikithiri nchini hata serikali ikaweka tozo maalumu ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka wa 2018 ili kuondoa faida ya wachanganyaji. Injini ya boti iliyokunywa mchanganyiko huo hutoa moshi, hupoteza nguvu na kuharibu plagi. Anayeishi Otonglo amepakana na vituo vya barabara kuu. Ajaze mitungi yake huko kabla ya kuteremka ziwani.

Injini ya nguvu 15 hutumia kati ya lita 6 na 8 kwa saa ikiendeshwa kwa nguvu zote, na kama lita 5 ikiendeshwa kwa upole. Ya nguvu 40 hufika lita 18 na kuzidi. Tofauti hiyo ya upole na papara ndiyo akiba kubwa iliyo mikononi mwa mwenye boti. Pia, daima gawa mafuta mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, na moja lisiloguswa. Mchana upepo wa ziwani huamka na mawimbi huinuka, na safari ya asubuhi iliyochukua saa moja huweza kuchukua mbili wakati wa kurudi. Fungu la tatu si gharama ya kila safari, kwa maana hurudi nalo nyumbani, lakini fedha zake lazima ziwepo siku ya kwanza.

Anayepanga kwenda mbali, mathalani kisiwa cha Ndere kilichofanywa mbuga ya taifa mwaka wa 1986, akumbuke pia kuweka kando ada ya kuingia, ambayo hulipwa kwa kila kichwa.

GUGUMAJI

Hakuna bajeti ya boti Kisumu iliyo kamili bila gugumaji. Mmea huu ulianza kuonekana ziwani karibu na mwaka wa 1990, na mwishoni mwa 1998 ulikuwa umefunika takriban hekta 17,000 za Ghuba ya Winam. Wadudu walioletwa kuula kuanzia 1997 waliupunguza sana, lakini haukuisha. Hurudi kwa misimu, hasa baada ya mvua kubwa zinazoteremsha mbolea na uchafu kutoka mashambani na mijini.

Kwa mwenye boti, gugumaji ni gharama ya aina tatu. Hujizungusha kwenye propela na kuvunja pini yake, kwa hiyo beba pini za ziada na koleo. Huziba matundu ya kuvutia maji ya kupoza injini, na nahodha asiyetazama kama maji yanatoka nyuma huunguza injini akiwa anatazama mandhari. Tatu, hutembea. Upepo ukigeuka, ghuba iliyokuwa wazi asubuhi huwa shamba jioni, na boti hulazimika kuzunguka mbali au kukwama. Ongeza mafuta ya safari kwa robo nzima katika miezi ambayo gugu limejaa, au uache boti nchi kavu mwezi huo na kukubali hasara ya wikendi.

Katikati ya gugumaji na kwenye maji ya kina kifupi huishi konokono wanaoeneza kichocho. Anayeisukuma boti akiwa ndani ya maji hadi mapajani kila wiki apimwe angalau mara moja kwa mwaka na kutibiwa akikutwa nacho. Ni gharama ndogo ya zahanati. Iandikwe kwenye daftari lile lile, chini ya rangi na misumari.

MAHALI PA KULALA

Fuo zilizo karibu na Otonglo, kama vile Usoma kando ya uwanja wa ndege, au Ogal na Paga ukielekea magharibi, ni fuo za wavuvi. Kila ufuo una kikundi chake cha usimamizi, kinachojulikana kwa herufi BMU, na vikundi hivyo vilipewa kanuni za kisheria mwaka wa 2007. Mgeni mwenye boti ya starehe hafiki tu na kutia nanga. Huenda kwa viongozi, hujitambulisha, hukubaliana mahali pa kuegesha na mchango wa kutoa. Wakati mwingine mchango huo huwa mdogo kuliko ada za mahali palipojengwa rasmi, na hulinda zaidi, kwa sababu mvuvi anayeamka saa tisa usiku huona yale ambayo mlinzi aliyelala hayaoni.

Hata hivyo injini haiachwi ufuoni. Wizi wa injini za boti ni tatizo sugu la ziwa lote, na mwenye busara huifungua baada ya kila safari na kuipeleka nyumbani. Kutoka ufuoni hadi Otonglo hiyo ni bodaboda au tuktuk, kwenda na kurudi, kila Jumapili. Fedha hizo ni kidogo kiasi kwamba hakuna anayeziandika, nazo ndizo otonglo zenyewe nilizotaja mwanzoni.

Ziwa nalo halikai mahali pamoja. Mei 2020 maji yalipanda hadi kimo kilichofikia rekodi ya mwaka wa 1964. Fuo nyingi zilimezwa, na walioegesha kwenye gati za mbao au kujenga vibanda karibu na maji walipoteza vyote. Asijenge kitu cha kudumu ukingoni mwa maji kwa ajili ya boti ya Jumapili.

SHERIA NA UHAI

Mamlaka ya Ubaharia Nchini (KMA), iliyoanzishwa mwaka wa 2004, ndiyo inayosimamia usalama wa vyombo, ukaguzi na vyeti vyake, na sheria yake kuu ni ile ya uchukuzi wa majini ya 2009. Walinzi wa Pwani, kikosi kilichozinduliwa mwaka wa 2018, hupiga doria ziwani pia. Weka fungu la ukaguzi na vyeti katika bajeti, na uulize ada za mwaka husika kabla hujanunua chombo, si baada. Uliza pia juu ya bima, kwa kuwa bima ya gari haikifuati chombo majini. Na ukianza kubeba watu kwa malipo, hata kama unasema wanachangia mafuta tu, umeingia katika biashara ya abiria, na masharti yake ni mazito zaidi kuliko ya familia.

Kuhusu jaketi za kuokolea maisha sina maneno mengi. Moja kwa kila mtu, na za watoto ziwe za ukubwa wa watoto. Jaketi ya mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiingia majini. Jua huzila, kitambaa kikianza kuchanika kwa vidole au mikanda ikikatika, zimekwisha. Nimewaona watu wakipunguza bajeti yao kwa kuanzia hapo, kwa sababu jaketi haionekani kufanya kazi yoyote siku zote za mwaka. Ukilazimika kupunguza, punguza idadi ya abiria.

HESABU YA MFANO

Tuchukue boti ya mbao ya mita 7 iliyonunuliwa shilingi 200,000, na injini ya nguvu 15 ya shilingi 300,000. Boti inatoka mara mbili kwa mwezi, saa tatu kila safari, yaani saa 72 kwa mwaka. Bei ninazotumia ni za mfano. Weka zako mahali pake.

Mafuta kwanza. Lita 5 kwa saa ni lita 360 kwa mwaka, na kwa shilingi 190 kila lita ni shilingi 68,400. Oili ya kuchanganya ni lita 7.2, ambayo kwa shilingi 600 kwa lita ni shilingi 4,320. Jumla 72,720.

Akiba ya injini mpya ndiyo inayosahauliwa zaidi. Tukisema injini itadumu saa 1,500, kila saa moja ya kazi inakula shilingi 200 za injini, yaani 14,400 kwa mwaka. Lakini kwa mwendo wa saa 72 kwa mwaka, saa 1,500 zingechukua zaidi ya miaka 20, na injini inayolala sana haifiki huko. Mipira yake hukauka na vyuma vyake hushika kutu. Hesabu miaka 10, utenge shilingi 30,000 kila mwaka. Daima chukua kubwa katika hesabu hizo mbili.

Huduma ya mwaka ya injini, vipuri na fundi, tuseme 12,000. Kupandisha boti, kukalafati na rangi, 20,000. Ulinzi na maegesho kwa 2,000 kila mwezi, 24,000. Bodaboda ya injini, safari 24 kwenda na kurudi kwa shilingi 150 kila mara, 7,200. Jaketi tisa za shilingi 3,500, zikibadilishwa baada ya miaka mitano, ni 6,300 kwa mwaka. Nahodha mzoefu wa kutwa, 1,000 kila safari, 24,000. Vyeti na bima, weka 15,000 mpaka upate tarakimu halisi.

Jumla ni shilingi 211,220. Ongeza sehemu ya kumi kwa dharura na utafika 232,342, yaani kama shilingi 19,400 kila mwezi. Na hapo sijatia akiba ya kununua boti nyingine ya mbao hii itakapochoka. Kanuni ya asilimia 10 ingekuambia utenge shilingi 50,000, kiasi kisichofika hata robo.

Sasa tazama jambo hili. Ukitoa mafuta, oili, bodaboda na nahodha, ambavyo hulipwa tu boti inapotoka, zinabaki shilingi 107,300. Hizo ni zaidi ya nusu ya zile 211,220, nazo hutumika hata kama boti haikugusa maji mwaka mzima. Kwa hiyo anayebana matumizi kwa kupunguza safari hajiokoi sana. Kabla ya kuongeza dharura, safari moja katika mfano wetu inagharimu kama shilingi 8,800. Akitoka mara moja tu kwa mwezi, matumizi ya mwaka yatashuka hadi 159,260, lakini kila safari itapanda hadi karibu shilingi 13,300.

Hesabu hii ndiyo inayopaswa kufanywa kabla ya kununua. Kodi boti kwa mwaka mmoja kwanza, Dunga au kwingineko, na uandike kila ulipotoka na ulicholipa. Kama hukufikisha safari 12, endelea kukodi na umwachie mwingine kazi ya kukwangua rangi. Kama ulizidisha 24 na bado watoto wanauliza Jumapili ijayo ni lini, basi una sababu ya kumiliki. Kati ya hapo kuna njia ya tatu, nayo ni majirani watatu au wanne kumiliki boti moja. Inawezekana, kwa sharti kwamba lile fungu la 107,300 ligawanywe sawa baina yao bila kujali nani ametoka mara ngapi, na kwamba kila anayetoka ajilipie mafuta yake mwenyewe. Ushirika unaogawanya yote kwa idadi ya safari huvunjika mwaka wa kwanza, maana asiyetoka hukataa kulipa mlinzi, na mlinzi hulinda usiku wote.

Anayenunua boti iliyotumika aombe daftari la saa za injini na risiti za vipuri. Akiambiwa halipo, afungue skrubu ya chini ya giaboksi mbele ya muuzaji, kabla ya kutaja bei yoyote, na aitazame rangi ya oili.